Jinsi ya Kujenga Mfumo wa Makundi na Sifa Katika Gemu: Mfano wa Nahodha wa Lamu

Mwongozo huu ni wa mtengenezaji wa gemu anayefanya kazi peke yake au na wenzake wawili watatu, ambaye tayari anaweza kuandika msimbo mdogo katika Godot au injini nyingine (programu ya kutengenezea gemu), na sasa anataka wahusika wake wamkumbuke mchezaji kwa aliyoyatenda. Nitatumia gemu ninayoitengeneza hapa Lamu, ambamo mchezaji ni nahodha wa jahazi mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Lamu ilipokuwa ikivutana na Pate, kisiwa jirani, na Pate ikiungwa mkono na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, mvutano uliofikia vita vya Shela, kijiji cha kisiwani Lamu.

Hatua ya 1: Chagua makundi machache

Nilianza na makundi tisa, nikabaki na matatu: Lamu, Pate na Mombasa. Andika kwa sentensi moja kila kundi linataka nini na linaogopa nini. Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, liondoe kundi hilo, kwa sababu mchezaji hatakuwa na njia ya kulipendeza wala kuliudhi.

Hatua ya 2: Weka madaftari mawili kwa kila kundi

Wengi huanza na namba moja inayopanda na kushuka. Tatizo lake ni kwamba nahodha aliyechoma ghala kisha akaleta shehena kumi za mtama wakati wa njaa hurudi kwenye sifuri, sawasawa na mgeni ambaye hajawahi kukanyaga bandarini, ilhali mji mzima ungekuwa na mengi ya kusema juu yake. Kwa hiyo hesabu mema kando na mabaya kando. Ndivyo ilivyofanywa katika gemu ya Fallout: New Vegas, iliyotoka mwaka 2010: jema haliifuti hesabu ya baya, na mwenye mengi ya yote mawili hutazamwa kama mtu asiyetabirika.

Hatua ya 3: Gawa alama katika madaraja

Katika World of Warcraft ya mwaka 2004, kutoka daraja la kati hadi la juu kabisa kulihitaji alama 42,000, kiasi kinachofaa gemu ya kuchezwa miezi mingi. Gemu ndogo inatosheka na 100. Jambo moja tu usilisahau: kiwango cha kupanda daraja kisilingane na cha kushuka. Kwangu mchezaji huwa rafiki akifika 50, lakini haupotezi urafiki huo mpaka ashuke chini ya 40; la sivyo mlinzi atamkaribisha asubuhi na kumfukuza adhuhuri kwa tofauti ya alama moja.

Hatua ya 4: Tengeneza jedwali la uhusiano

Kila jozi ya makundi ipe kizidishio, yaani namba ya kuzidishia alama zinazopita kutoka kundi moja hadi jingine. Ukiisaidia Lamu kwa alama 20, Pate inakuandikia 10 upande wa mabaya, na Mombasa 5. Mabadiliko hayo yapite mara moja tu. Ukiruhusu hasira ya Pate iizindue tena Lamu, nayo Lamu iizindue Pate, programu itazunguka bila kikomo na kukwama.

Hatua ya 5: Fanya habari isafiri

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Katika toleo langu la kwanza, kijana wa jirani aliyekuwa akinijaribia gemu aliiba boriti usiku kule Faza, kisiwani Pate, pwani tupu, akatweka tanga kuelekea Shela. Alipotia nanga tu, mlinzi akamwita mwizi. Kijana akaweka kipanya chini, akanigeukia: “Kaka, huyu amejuaje?” Sikuwa na jibu, na wiki iliyofuata nilivunja sehemu hiyo yote nikaiandika upya.

Sasa kitendo hakigusi daftari lolote moja kwa moja. Kinazaa rekodi ya habari yenye mambo manne: kitendo, mahali, siku na mashahidi. Mashahidi wasipokuwepo, rekodi haizaliwi. Gemu ya Skyrim ya mwaka 2011 inakaribia wazo hili, kwani ukimuua shahidi wa mwisho deni la kosa lako hufutwa, lakini mimi nilitaka habari iwe na mwendo pia. Kila chombo kinachong'oa nanga hubeba nakala ya habari za bandari kinayoiacha, na daftari la mji wa pili hubadilika siku kinapowasili. Pepo nazo zina kauli: wakati wa kaskazi, habari ya Lamu hufika Mombasa upesi, ilhali wakati wa kusi chombo hicho hicho hupigana na upepo na habari huchelewa. Wachezaji walipoligundua hilo, walianza kupanga maovu yao kwa msimu, na wengine kukimbizana na jahazi lililobeba habari zao ili walitangulie bandarini. Hakuna mstari wa msimbo niliouandika kuwaelekeza kufanya hivyo.

Hatua ya 6: Onyesha sifa kwa vitendo

Ficha namba. Mfanyabiashara anayekuheshimu akukaribishe kahawa kabla ya kutaja bei. Asiyekuamini aitaje kabla hujaketi, tena iliyopandishwa. Mlinzi asiyekutaka aitikie salamu kwa mkato. Andika salamu nne tano kwa kila daraja, kwani hizo ndizo zitakazosikika mara nyingi kuliko maneno mengine yote ya gemu.

Hatua ya 7: Hifadhi na ujaribu

Unapohifadhi gemu, usiishie kwenye madaftari. Hifadhi pia habari ambazo bado ziko baharini. Mimi nilizisahau, na mchezaji aliyefunga gemu na kuifungua tena aliona makosa yake yote ya safarini yametoweka. Jaribu hivi: iba mbele ya shahidi, subiri chombo king'oe nanga, hifadhi, funga, fungua, kisha hesabu siku mpaka mlinzi wa mji wa pili abadilishe salamu yake.