Tunavyoandaa Krismasi Leeds bila kuganda

Wifi yangu amehamia Bradford, hapa hapa Uingereza, mwezi wa tisa na watoto wawili, mmoja bado ananyonya. Juzi kanipigia usiku, sauti ya mtu aliyechoka: "Wifi, hivi nyie Krismasi mnaifanyaje na baridi hii? Mimi hata unga wa maandazi umegoma kuumuka." Nikamwambia bakuli aliweke kwenye kiti karibu na radieta (lile bamba la chuma ukutani linalopitisha maji ya moto kupasha chumba), alifunike kwa taulo, na mengine nitamwandikia. Naandika hapa kwa sababu najua si yeye peke yake.

Sisi ni watu wa Marangu. Kwetu Disemba ni mwezi wa kupanda mlimani kwenda kuhesabiwa, kama wanavyotutania. Na baridi tulidhani tunaijua, ile ya mwezi wa saba, ya sweta moja na chai ya tangawizi. Hapa Leeds tarehe 25 jua linachomoza saa mbili na dakika ishirini hivi asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Mimi nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mume wangu anaendesha gari la kusambaza vifurushi, na Disemba ndio mwezi ambao kazi zote mbili zinataka roho yako. Watoto ni watatu. Kwa hiyo sina joto la kupoteza wala saa ya kupoteza. Miaka hii yote nimejifunza kwamba kupika Krismasi na kupasha nyumba joto ni kazi moja. Ukizipanga mbali mbali utalipa mara mbili.

Anza na radieta, wifi, kabla hujanunua hata kilo moja ya mchele. Washa boila, ule mtambo unaopasha maji ya radieta, subiri nusu saa, pita ukizigusa moja moja. Ikiwa ya moto chini na baridi juu, ina hewa ndani. Zima boila, acha radieta ipoe, chukua kile kifunguo kidogo (dukani ni bei ya soda), shika kitambaa chini ya ile skrubu ya pembeni juu, zungusha taratibu kinyume na saa. Itafanya "sssss" kama tairi la baiskeli. Maji yakianza kudondoka, funga. Ukimaliza zote, angalia geji ya boila: iwe kati ya 1 na 1.5. Ikishuka chini ya hapo unaongeza maji kwa kile kibomba cha chini; kama nyumba ni ya kupanga na hujui kipo wapi, mwenye nyumba akuonyeshe mapema, asikwambie mambo ya "nitakuja Januari". Radieta iliyo baridi chini na moto juu ina tope ndani. Hiyo ni ya fundi.

Halafu kuna bomba. Hili naomba unisikilize vizuri.

Disemba ya 2010 ndiyo ilikuwa ya kwanza kwetu hapa, na hata wenyeji wenyewe walikuwa wanaishangaa. Ilikuwa Disemba yenye baridi kuliko zote katika muda wa miaka mia moja nchini Uingereza. Siku chache kabla ya Krismasi nimetoka zamu saa mbili asubuhi, nafungua mlango, nyumba imepoa kama kaburi na boila inakoroma, glu-glu-glu, kisha inazima. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miezi minne. Nikapiga simu kwa kampuni tuliyokuwa tunailipa kila mwezi kwa ajili ya matengenezo. Nilisikiliza muziki wao saa nzima na zaidi, mtoto nimemfunga kifuani ndani ya koti, mwishowe wakaniambia fundi atapatikana baada ya siku nne. Nikakaa kwenye ngazi nikalia.

Jirani yetu, mzee aliyestaafu, alikuwa anamwaga chumvi kwenye njia yake. Akaniona mlangoni, akauliza kuna nini, akasikiliza ile boila kwa sekunde chache tu. Akatoka nje nyuma ya nyumba, akanionyesha bomba jeupe la plastiki, jembamba, linalotoka ukutani na kushuka kwenye mtaro. Boila za kisasa, karibu zote zilizofungwa hapa tangu 2005, zinatoa maji kidogo kidogo kupitia bomba hilo. Baridi ikizidi, yale maji yanaganda kwenye kona, boila inakosa pa kuyatoa, inajizima yenyewe. Mzee akaomba birika. Maji ya uvuguvugu, akasisitiza, yasichemke, maana bomba linaweza kupasuka. Akamwagia polepole kuanzia kwenye kona kushuka chini. Birika la tatu, kipande cha barafu kirefu kama kidole kikateleza kikaanguka mtaroni. Akabonyeza kitufe cha kuwasha upya. Boila ikawaka. Dakika kumi.

Kwa hiyo tafuta bomba lako leo, mchana, ukiwa na akili zako. Duka la vifaa vya ujenzi wanauza sponji nyeusi ya kulivalisha, mita moja haikuumizi mfuko. Kama limepita juu sana, usipande ngazi kwenye barafu, ita mtu.

Upepo sasa. Nyumba hizi za matofali mekundu zilizoshikana ni nzuri kwa macho, ila zina matundu. Washa udi usiku wenye upepo, pita nao milangoni na madirishani. Moshi ukiyumba, pale ndipo hela yako inapotokea. Kwetu tundu baya kuliko yote lilikuwa lile la barua mlangoni. Linauzwa kava lenye brashi, unalifunga kwa skrubu mbili. Chini ya milango nimeweka "nyoka": kitenge kilichochakaa nimekikata upana wa mlango, nikakishona kama mfuko mrefu, nikakishindilia soksi zisizo na wenzake na fulana za shule zilizobana. Tunao wanne. Mwanangu wa mwisho kawapa majina na kawashonea vifungo vya macho, na jioni ni kazi yake kuwaweka mahali pao. Mapazia mazito yafungwe jua likizama, lakini yasifunike radieta, la sivyo unapasha kioo. Ila usizibe vile vitundu vya hewa vilivyotengenezwa makusudi ukutani au juu ya dirisha. Hivyo vina kazi yake.

Chumba cha mtoto anayenyonya, wifi, kisiwe tanuri. Hapa wanashauri nyuzi 16 hadi 20, na blanketi jepesi. Mtoto wa Kitanzania tuna tabia ya kumfunika mpaka anatoa jasho; acha. Sebuleni 18 hadi 20 inatosha ukiwa na soksi. Vyumba visivyokaliwa punguza ile namba kwenye radieta hadi 1 au 2, usizime kabisa, ukuta utaota kuvu. Na kabla ya kununua hita ya feni, fikiria blanketi la umeme la kutandika kitandani: linakula wati mia hivi, hita ile inakula elfu mbili. Nikitoka zamu, mume wangu ameshaniwashia upande wangu nusu saa kabla. Hayo ndiyo mahaba ya Ulaya.

Mvuke ndio adui ambaye hakuna aliyenionya juu yake. Unachemsha makongoro kwa muda wa saa tatu, sare za shule zinaning'inia juu ya radieta, watu watano wanapumua, asubuhi madirisha yanalia na nyuma ya kabati kuna kuvu nyeusi. Hewa yenye unyevu pia inagharimu zaidi kuipasha. Kwa hiyo sufuria zote na vifuniko, feni ya jikoni iwake, mlango wa jikoni ufungwe wakati wa kuchemsha, kisha dirisha wazi dakika kumi na ufunge. Dakika kumi hazipozi kuta.

Hapo ndipo mapishi yanapoingia kwenye mpango. Kazi zote za mvuke na harufu mimi nazimaliza kabla, siku moja ya mapumziko katikati ya Disemba. Vitunguu vya pilau, kilo tatu, nakata na kukaanga hadi kahawia, madirisha wazi yote, watoto nimewapeleka maktaba, nimevaa koti jikoni kama mwendawazimu. Vikipoa nagawa kwenye vifuko, vinaingia friza. Binzari nyembamba, hiliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga nasaga pamoja, chupa moja. Mifupa ya ng'ombe nachemsha siku hiyo hiyo kwa ajili ya mtori, nagandisha supu peke yake. Mtori wenyewe siugandishi, ukiyeyuka unajitenga maji. Ndizi namenya siku yenyewe. Ndizi tunapata mtaa wa Harehills, mbuzi tunaagiza kwa bucha wa sokoni Kirkgate mapema, maana wiki ya mwisho foleni yake si mchezo.

Chapati nazikausha kwenye kikaango pande zote bila mafuta, zinapoa kabisa, nazipanga na karatasi ya kuokea katikati, arobaini kwenye friza. Siku yenyewe zinatoka friza moja kwa moja hadi kikaangoni, na mafuta zinayakuta hapo. Mama yangu akijua atanikana.

Tarehe 24 jioni hakikisha una chumvi, mafuta, nepi na dawa ya homa ya watoto. Hapa Uingereza tarehe 25 mabasi mengi na treni hazitembei, na maduka makubwa, yale ya zaidi ya mita za mraba 280, yamekatazwa na sheria ya 2004 kufunguliwa siku hiyo. Utabaki na kaduka ka kona, kama mwenyewe ameamua kufungua. Na kama mita yako ni ya kulipia kabla, yaani LUKU ya huku, iongeze siku mbili kabla, gesi na umeme vyote. Mwaka mmoja tulisahau gesi, tukala Krismasi kwa mkopo wa dharura wa mita huku mume wangu akienda kuichungulia mita kila robo saa kama mgonjwa.

Siku yenyewe naamka saa kumi na moja. Boila imepangwa iwake saa kumi na moja na nusu, yenyewe, ili watoto wakiamka kufungua zawadi kuta zimeshapata moto. Mbuzi anaingia oveni saa moja, moto mdogo, kwa muda wa saa nne nzima. Saa tatu nampigia mama Marangu. Kule ni saa sita mchana, hawajakaa mezani, bado anaweza kunifokea kwa utulivu. Hela ya nyama na ya sare za watoto huwa nimeshatuma kabla ya tarehe 18, maana siku ya Krismasi mitandao inajaa.

Wageni wakianza kuingia saa saba, mimi napunguza thamostati (kile kidude cha ukutani kinachopima joto na kuiambia boila iwake au izime), siongezi. Mtu mzima aliyekaa anatoa joto la wati mia hivi. Tukiwa kumi na wanne sebuleni, pamoja na oveni, ni zaidi ya hita. Kwetu kuna kero moja: thamostati iko koridoni, karibu na mlango wa mbele. Kila mgeni akisimama mlangoni kukumbatiana, yenyewe inadhani nyumba nzima imekuwa Norway, boila inanguruma, na sebuleni watu wanavua masweta. Kwa hiyo: karibuni, ingieni, fungeni mlango, tukumbatiane ndani.

Soda na bia zinakaa nje kwenye ndoo, friji inabaki na nafasi. Nyama usiweke nje, mbweha wa Leeds wanajua Krismasi ni lini.

Atatokea shemeji mmoja atakayetaka kuingiza jiko la mkaa gereji au varanda iliyozibwa, eti nyama choma na joto kwa pamoja. Mkatalie mbele za watu. Mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Unaumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, unalala, huamki. Kengele ya hewa hiyo iwepo karibu na boila, na ibonyeze uone kama inalia. Ukisikia harufu ya gesi yenyewe, fungua madirisha, usiguse swichi, toka nje, piga 0800 111 999, hata iwe saa nane usiku.

Pilau ikibaki usiiache kwenye sufuria mpaka kesho kama nyumbani. Sebule ya nyuzi 20 inaichachusha. Itandaze kwenye sinia ipoe, ndani ya saa moja iwe friji, na iliwe kesho yake.

Mimi kesho yake nina zamu, tarehe 26 usiku. Kwa hiyo mchana mifupa ya mbuzi inarudi sufuriani, mfuniko juu, moto mdogo, na mume wangu analala kwenye kochi na nyoka mmoja wa kitenge chini ya miguu. Wifi, ukija siku hiyo njoo na chupa ya chai, supu utaikuta.