Kubadilisha bushi za mbele za Mercedes W124: bolti hukazwa gari likiwa limekaa chini

Jumamosi mbili zilizopita jirani yangu, mwalimu mstaafu, alinigongea geti asubuhi. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia: "Mwanangu, hili gari sasa linakwenda linakotaka lenyewe. Nikishika breki linavuta kushoto, nikivuka tuta kuna kitu kinabisha hodi kule chini." Gari ni Mercedes 230E, bodi ya W124, ile iliyoanza kutoka kiwandani mwishoni mwa 1984. Alikuwa ameshabadilishiwa bushi mwaka jana, yaani vile vipande vya mpira na chuma vinavyounganisha mkono wa gurudumu na bodi, na fundi alimwambia zitadumu. Nilipolala chini na tochi nikakuta mpira umechanika mduara mzima, na nilijua sababu hata kabla sijauliza, kwa maana yaliwahi kunikuta kwenye gari langu mwenyewe.

Naandika hatua zote, lakini kama una haraka nenda moja kwa moja kwenye hatua ya kukaza. Hapo ndipo bushi nyingi nzuri zinapouawa siku ileile zinapofungwa.

Hakikisha tatizo ni bushi

Ingiza tairi leva, kile chuma kirefu cha kutolea tairi, kati ya mkono wa chini, yaani kontroli amu, na bodi, kisha sukuma. Bushi nzima inanesa kidogo na kurudi. Iliyokufa inaacha mkono ucheze huku na huku, na utaona ufa kwenye mpira au vumbi jeusi pembeni. Kagua na bol jointi hapohapo, kile kiungo cha duara kwenye ncha ya mkono upande wa gurudumu. Tazama pia kama injini inavujisha oili juu ya bushi; oili huvimbisha mpira na kuulainisha, kwa hiyo ziba mvujo kwanza, la sivyo utairudia kazi hii.

Spea

Kila mkono una bushi mbili, kwa hiyo unahitaji nne. Badilisha pande zote mbili pamoja. Nunua seti yenye bolti na nati zake, kwa sababu bolti za zamani, hasa kwa magari yanayoishi karibu na bahari, huwa zimeliwa na kutu. Kama bol jointi nayo imechoka, mimi nashauri ununue mkono mzima wenye bushi na bol jointi tayari. Utalipa zaidi lakini huhitaji presi, ile mashine ya kugandamiza bushi.

Zile bushi za plastiki ngumu za rangirangi, hata ukipewa bure ziache. Zinapiga kelele vumbi likiingia, na zinapeleka kila jiwe la barabarani kwenye usukani. Mtu hununua Benzi kwa ule utulivu wake. Ukiweka plastiki umeuondoa. Weka mpira, na ukiwa Gerezani, kwenye maduka ya spea ya Dar es Salaam, bonyeza kila bushi kwa kidole gumba kabla ya kulipa, uangalie kama mpira umeshikamana na chuma bila mwanya. Mpira uliokaa dukani miaka mingi huwa mkavu na una nyufa ndogo kama za tope lililokauka.

Pima kabla hujagusa spana

Gari likiwa limekaa kwenye ardhi ya sawa, pima kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake. Fanya hivyo kushoto na kulia, uandike. Nimeandika kwa chaki ukutani, na wewe fanya hivyohivyo, karatasi hupotea. Namba hizi mbili ndizo zitakazookoa kazi yako baadaye.

Kisha legeza bolti za magurudumu, inua gari, weka stendi imara chini ya bodi, toa magurudumu.

Weka alama kwenye bolti za kamu

Bolti zinazoshika mikono hii si za kawaida. Zina kamu, yaani ukizizungusha mkono unasogea, na kwa njia hiyo ndipo mlalo wa gurudumu unaporekebishwa. Safisha kwa brashi ya waya, kisha chora mstari mmoja unaopita juu ya kamu na juu ya bodi. Rangi ya kucha inafaa kuliko chaki, haifutiki kwa dizeli wala grisi. Tuliiazima kwa binti wa mwalimu.

Toa springi, na hapa usiwe na haraka

Kwenye W124 springi haikuzunguka shokapu. Imekaa peke yake, imebanwa kati ya bodi na mkono wa chini, na inabeba uzito wa kona nzima ya gari. Ukifungua mkono bila kuibana itaruka, na inaweza kuua.

Vile vibanio vya kulabu za nje vinavyoazimwa kila gereji havifai hapa; havipati nafasi na huteleza. Unahitaji kibanio cha ndani: sahani mbili na skrubu ndefu inayoingia kupitia tundu lililo chini ya mkono. Kodisha kama huna. Paka grisi kwenye skrubu, kaza kwa racheti taratibu, usitumie mashine ya upepo. Springi ikianza kucheza kwenye kikao chake, imebanwa vya kutosha. Usikae mbele yake, na mtoto asikaribie.

Ukiitoa, angalia kipande cha mpira kilichokaa juu yake. Kina vinundu pembeni, kimoja hadi vinne, na vinundu ndivyo vinavyoonyesha unene: kimoja ni milimita 8, viwili 13, vitatu 18, vinne 23. Cha kushoto na cha kulia huenda havilingani, na hilo si kosa. Kila kimoja kirudi upande wake, la sivyo gari litainama na wewe utalaumu bushi.

Toa mkono

Fungua kishikizo cha stabilaiza (fimbo inayozuia gari lisiiname kwenye kona), fungua bolti inayobana bol jointi, funga habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa waya ili paipu ya breki isivutike. Toa bolti za kamu. Mkono umetoka.

Kutoa na kuingiza bushi

Presi, si nyundo. Nyundo inapinda kikao cha bushi, na kikao kikipinda bushi mpya italegea. Kabla ya kutoa ya zamani angalia imeingia kwa kina gani na upande upi unatazama nje, ikibidi piga picha. Kulainisha tumia maji ya sabuni tu. Grisi na oili vinaula mpira.

Kukaza

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Watu wengi wanadhani bushi inazunguka kama beringi. Haizunguki. Ina bomba la chuma katikati na mpira umelishika kwa nje. Ukikaza bolti, lile bomba linabanwa na bodi na halisogei tena. Gurudumu likipanda na kushuka, kinachofanya kazi ni mpira wenyewe kujipinda kidogo huku, kidogo kule.

Basi fikiria gari liko juu ya stendi, magurudumu yananing'inia, mkono umeshuka mpaka mwisho, na fundi anakaza bolti. Mpira unahesabu hapo ndipo nyumbani. Ukishusha gari mkono unapanda, na mpira tayari umesokotwa hata kabla injini haijawashwa. Kila shimo linauongezea. Ndicho kilichoua bushi za mwalimu, na ndicho kilichoua za kwangu ndani ya miezi mitatu. Kabla sijaelewa, nilipoteza siku nzima nikibadilisha tairodi, zile fimbo za usukani, ambazo hazikuwa na kosa lolote, kisha nikamlaumu muuza spea bure. Gari langu pia lilikuwa limesimama juu kidogo upande mmoja, kwa sababu mpira uliosokotwa unasukuma kama springi ndogo. Nililiona hilo na sikulielewa.

Kwa hiyo rudisha mkono, springi na bol jointi, lakini nati za bolti za kamu zifikishe tu mahali pa kugusa, bomba la ndani liweze bado kuzunguka. Halafu una njia mbili.

Ya kwanza, ninayoipenda: funga magurudumu, shusha gari, na kwa mikono lisukumeni mbele na nyuma mita tatu au nne, mara kadhaa. Msiliwashe wala kuliendesha. Usiruke kipande hiki. Gari likishushwa, matairi hushika sakafu na hayatanuki kwenda mahali pake, kwa hiyo linabaki juu kwa sentimita kadhaa na litakudanganya. Baada ya kusukuma bonyezeni pua ya gari mara chache, kisha pima tena kwa tepu. Namba zikifanana na zile za ukutani, au zikikaribia sana, ingia kwenye shimo la gereji ukaze. Kama huna shimo, liweke juu ya mbao nene, magurudumu yote manne kwa kimo kimoja. Ukiinua mbele tu, uzito unahamia nyuma na kipimo kinaharibika.

Njia ya pili ni kuinua mkono kwa jeki, karibu na bol jointi, mpaka kipimo cha tepu kirudi. Inafaa, ila angalia stendi: mara nyingi springi haijashuka vya kutosha na tayari bodi inaanza kunyanyuka kutoka kwenye stendi. Ukiona mwanga kati ya stendi na bodi, shusha, tumia njia ya kwanza.

Wakati wa kukaza, shika kichwa cha bolti kisizunguke na uzungushe nati peke yake. Kichwa kikizunguka, alama ya rangi ya kucha inahama na mlalo umepotea. Malizia kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Bolti za magurudumu ni Nm 110.

Alainimenti

Hata alama zikirudi sawasawa, peleka gari kwenye mashine ya alainimenti, inayopima na kunyoosha mlalo wa magurudumu. Mwambie fundi wa mashine mapema: akilegeza bolti za kamu, azikaze tena gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Kaa hapo uone.

Mwalimu alikaa. Alivuta kiti mpaka ukingoni mwa shimo, miwani puani, na fundi alipogusa spana akamuuliza, "Kijana, gari liko chini?" Liko chini, mwalimu. "Haya, kaza."