Mvinyo mweupe wa mizabibu mikongwe: usiunywe moja kwa moja kutoka kwenye friji

Kwa wenzangu wa Kisumu walioanza kununua Chenin Blanc (mvinyo mweupe wa zabibu za jina hilo) ya Swartland, Afrika Kusini, ile ya mizabibu ya miaka 35 na zaidi: itoe chupa kwenye friji, imimine taratibu kwenye jagi safi la glasi, isubiri dakika 15 hivi, kisha unywe. Baridi kali hufunga harufu na kuufanya uchachu wa mvinyo ujitokeze peke yake. Ukifika nyuzi 10 hadi 12 ndipo utapata tufaha, asali na ule uzito ambao, kwa maoni yangu, ndio unaolipia bei yake. Jagi lina kazi ya pili. Mvinyo uliochachushwa kwa hamira ya asili na kutiwa salfa (kihifadhi) kidogo wakati mwingine hufunguka ukinuka kiberiti, na hewa huiondoa harufu hiyo. Mvinyo kutokuwa angavu, au machicha chini ya chupa, kwa kawaida ni kwa sababu haukuchujwa, si kuharibika. Machicha yaache humo humo.

Mbinu hii haifai kwa mvinyo wenye mapovu, wala haiokoi uliokwisha kuwa siki au unaonuka katoni lililolowa. Na kwa joto la Kisumu saa nane mchana, ukipiga soga nusu saa umeshapasha moto kinywaji. Hapo rudisha jagi kwenye friji kabla samaki wako, ngege, hajafika mezani. Kinachobaki kizibe, kiweke kwenye baridi na ukimalize kesho yake, maana salfa ya kukilinda ni kidogo.