Mistari 8 inayosahaulika kwenye AFBC

Ukiandika draiva ya skrini kwenye Linux na bafa (kumbukumbu inayoshika picha) imebanwa kwa AFBC, mbinu ya Arm ya kubana picha, usipige hesabu kwa mistari. Hesabu miraba. Mpangilio wa kawaida ni mraba wa pikseli 16 kwa 16, na kila mraba una kichwa (maelezo ya data yake) cha baiti 16.

Chukua skrini ya pikseli 1920 kwa 1080. Upana unagawanyika vizuri: miraba 120. Urefu haugawanyiki, 1080 ukigawa kwa 16 ni 67.5, na lugha ya C itakata desimali ikupe 67. Hapo mistari 8 ya chini imekosa vichwa, nawe utaona ukanda wa rangi za ovyo chini ya skrini. Panda hadi 68: bafa iwe na urefu wa 1088, vichwa 8160, yaani baiti 130,560 kabla ya data yenyewe. Eneo la kuonyesha libaki 1080 vilevile.

Chipu isipokubali kukata picha katikati ya mraba, tafadhali usisogeze kipimo kimyakimya. Rudisha -EINVAL (kosa la "ombi si sahihi") ndani ya atomic_check, hatua ambayo draiva hukagua mpangilio kabla ya kuutumia, ili programu inayopanga madirisha ipate nafasi ya kuichora picha hiyo kwa GPU.