Pikapu Isipowaka: Kagua Nyaya Kabla ya Kununua Betri

Pikapu inayobeba mahindi kutoka Kibaigwa, au inayopita njia za vumbi za Bahi, hutikiswa kiasi kwamba vishikio vya nyaya kwenye nguzo za betri hulegea na waya wa arthi, yaani ule unaounganisha nguzo hasi ya betri na chuma cha gari, huchakaa polepole bila mtu kuona. Kwa sababu hiyo namsihi mwenye gari asinunue betri mpya wala kufungua starta, ile mota inayozungusha injini ili iwake, kabla ya kukagua nyaya, maana hapo ndipo fedha nyingi za watu hupotea bure.

Weka gia huru, vuta breki ya mkono, washa taa kubwa, kisha zungusha ufunguo huku mwenzako akizitazama taa hizo. Zikififia sana, anza na betri na viungio vyake. Zikibaki na mwanga uleule na starta ikawa kimya, huenda umeme haufiki kwenye starta. Kagua fyuzi, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) na swichi ya ufunguo.

Shika kishikio cha betri kwa vidole na ujaribu kukizungusha. Kikicheza hata kidogo, kimelegea. Ungaunga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya moto yenye magadi, baada ya kufungua waya wa nguzo hasi kwanza, nao uurudishe mwisho.

Waya wa arthi unastahili subira zaidi. Niliwahi kukagua pikapu ambayo mwenyewe alikuwa amekwisha kuibadilishia betri mbili, na nilipochana mpira wa waya huo karibu na injini, shaba ilikuwa imegeuka kijani na nyuzi chache tu ndizo zilizosalia. Kipimo chake si kigumu: gusisha ncha moja ya mita ya kupimia volti kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mwenzako apige starta. Mita ikizidi volti 0.5, arthi ni mbovu.

Betri yenyewe, ikiwa imelala usiku kucha, isome takribani volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki na nusu ya chaji, hivyo ichajiwe kwanza ndipo uihukumu. Iliyojaa chaji ikishuka chini ya 9.6 wakati starta inazunguka, ama imechoka, ama starta inavuta umeme kupita kiasi.

Gari likishawaka, pima tena betri injini ikiunguruma. Kwa kawaida utaona kati ya 13.8 na 14.4; ikibaki 12 na kitu, alternata, kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka, haichaji, na hata betri mpya itaishiwa umeme baada ya safari chache.