Kutafuta darasa la yoga lililo salama kwa mjamzito, hapa Tanga

Nimemzungusha wifi yangu mjini wiki tatu nzima tukitafuta darasa la yoga. Mimba yake ilikuwa na wiki 24, kiuno kinamuuma, usingizi hapati. Mimi huu ni mwaka wa saba nafanya yoga, na mimba yangu ya pili niliifanyia mazoezi mpaka wiki ya 37, kwa hiyo nilimwahidi kwamba tutamaliza kwa siku moja. Naandika ili mwenzetu mwingine asizunguke kama sisi.

Hatua ya 1: Anzia kliniki

Nenda na kadi yako, na wakati nesi anakupima presha muulize waziwazi kama unaruhusiwa kufanya mazoezi. Kama unatokwa na damu, kondo la nyuma limekaa kwenye mlango wa kizazi, una presha ya mimba, shingo ya kizazi ni fupi au imeshonwa, au damu imepungua sana, usiende darasani kwa ushauri wa mtu yeyote wa mtaani, mimi nikiwemo. Msikilize daktari.

Hatua ya 2: Uliza watu

Usisubiri kuona kibao barabarani. Ulizia mapokezi ya hoteli za Raskazone, ulizia jimu, ulizia kwenye magrupu ya WhatsApp ya akina mama. Kama unataka darasa la wanawake watupu, au hutaki darasa lenye kuimba maneno ya dini nyingine, sema kwenye simu ileile ya kwanza. Sisi tulisema na hakuna aliyekasirika.

Hatua ya 3: Mhoji mwalimu

Hapa ndipo tulipopotezea muda, na nusura tupoteze zaidi ya muda.

Kila tulipopiga simu tuliuliza, "Wajawazito wanaruhusiwa?" Na kila mwalimu alijibu, "Ndiyo, karibuni sana." Ni jibu la mtu mkarimu, lakini halikuambii anajua nini. Darasa la kwanza tulilokwenda, mwishoni watu wote waliambiwa walale chali wapumzike. Wifi naye akalala. Mimi nilikuwa mkeka wa pembeni yake. Baada ya muda nikaona midomo imempauka, jasho limemtoka juu ya mdomo, vidole vinapapasa sakafu. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Nikamgeuza ubavu wa kushoto, nikamwekea mto katikati ya magoti. Rangi ilipomrudia akanishika mkono akasema, "Wifi, nilikuwa naondoka."

Sababu yake ni hii. Kuanzia wiki ya 20 hivi, mfuko wa uzazi unakuwa mzito kiasi cha kuukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo pale mama anapolala chali. Presha ya mama inashuka, na damu inayomfikia mtoto inaweza kupungua. Si kila mama anazidiwa, lakini mwalimu aliyejifunza kazi ya wajawazito hamlazi mtu chali wiki ya 24 halafu akafumba macho.

Kwa hiyo acha kuuliza kama wanaruhusiwa. Uliza hivi: "Nina wiki 24. Utanizuia nisifanye nini, na badala yake utanipa nini?" Kisha nyamaza, mwache aongee. Kuhusu kulala chali, akutajie ubavu au kuegemea mito. Kulala kifudifudi, akupe kupiga magoti na kushika chini kwa mikono. Kujipinda kunakobana tumbo, akuambie utageuza mabega tu, tumbo libaki na nafasi. Kusimama kwa kichwa, kubana pumzi, na kule kupumua kwa kasi kwa kusukuma tumbo, aseme hakuna. Na akuambie usijinyooshe mpaka mwisho wa uwezo wako, kwa sababu homoni za mimba, relaksini ikiwa mojawapo, zinalegeza kano za nyonga. Utajiona mwepesi leo, kinena kitakuuma kesho.

Akikujibu "wewe sikiliza mwili wako tu", shukuru ukate simu.

Vyeti vinasaidia, ila visome vizuri. Cha mafunzo ya saa 200 ni cha ualimu wa kawaida. Yoga Alliance, chama cha walimu wa yoga cha Marekani, ina ngazi yake ya wajawazito inayodai mafunzo mengine ya saa 85. Hata hivyo mwalimu tuliyemchagua tulimjua kwa maswali yake. Kabla hatujamaliza kueleza alishauliza: kliniki wamesemaje, mtoto anacheza, kinena kinauma ukipanda ngazi?

Hatua ya 4: Joto

Kipindi cha kaskazi, Desemba mpaka Machi, usikubali darasa la mchana. Chagua saa 12 na nusu asubuhi au saa 11 jioni, mahali penye upepo au feni. Darasa la chumba kinachopashwa joto makusudi, kwa mjamzito halifai kabisa. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, punguza.

Hatua ya 5: Vifaa

Mkeka wa mpira. Wa ukindu unateleza kwenye vigae. Mto wa sufi ulioshindiliwa ni bora kuliko wa sponji, hausinyai ukiuegemea. Khanga moja ya kuvutia miguu. Kiti cha mbao cha kushikilia, maana cha plastiki miguu yake hutanuka. Dera linakunasa, vaa suruali pana na fulana ndefu, na mtandio wa kuvuta usio na pini.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza

Kaa karibu na ukuta. Kula kitu chepesi saa moja kabla, beba maji. Ukiona damu au maji yanatoka, kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, kifua kinabana, shavu la mguu mmoja limevimba na linauma, au tumbo linakaza na kuachia kwa mpangilio, acha palepale na uende hospitali. Usingoje darasa liishe kwa kuona haya. Mtoto akipunguza kucheza baadaye nyumbani, nenda siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.