Jinsi ya kubana matumizi ya maji nyumbani na bustanini: mwongozo kwa kaya za Dodoma na maeneo mengine makavu

Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, unaoanza takribani Desemba na kuisha Machi au Aprili, na kwa mwaka mzima mvua hiyo ni wastani wa milimita 550 hadi 600 tu. Maji ya bomba hutegemea kwa sehemu kubwa visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na watu wanaotegemea visima hivyo wanaongezeka. Katika kazi yangu ya ufundi bomba naona kaya nyingi zikianza kwa kununua simtanki kubwa, ilhali choo kinavuja usiku kucha. Nashauri mpangilio ulio kinyume: kwanza zuia maji yanayopotea, kisha tumia mara mbili yale uliyonayo, halafu ndipo ukinge ya mvua.

Hatua ya 1: Pima upotevu kwa dira ya maji

Kwenye dira nyingi tarakimu nyeusi huonyesha uniti, yaani mita za ujazo zenye lita 1,000 kila moja, na zile nyekundu huonyesha sehemu za uniti. Andika tarakimu zote kabla ya kulala, kisha zisome tena alfajiri kabla mtu yeyote hajafungua koki wala kwenda chooni. Ikiwa maji yako hupitia kwanza kwenye simtanki lililo juu ya mnara, kipimo hiki peke yake hakitoshi, kwa sababu dira haijui kinachoendelea baada ya tanki. Kwa hiyo subiri tanki lijae, funga valvu inayoingiza maji tankini, na uweke alama ya chaki kwa nje kwenye usawa wa maji.

Asubuhi utakuwa na majibu mawili tofauti. Dira ikiwa imesogea, bomba lililofukiwa kati ya dira na tanki linavuja, na mara nyingi utaona juu yake majani mabichi au udongo wenye unyevu wakati wa kiangazi. Maji yakiwa yameshuka chini ya chaki, uvujaji uko ndani ya nyumba, na hapo mimi huanzia chooni.

Hatua ya 2: Kagua choo cha kuvuta

Fungua kifuniko cha tanki la choo na uangalie kile kibomba kilichosimama katikati. Maji yakiingia humo kwa juu, boya limewekwa juu mno. Lishushe kwa skrubu yake, au kwa kupinda mkono wake taratibu, mpaka maji yasimame sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa kibomba. Ikiwa hayaingii humo, koroga kijiko cha rangi ya chakula au kahawa ndani ya tanki na ukae nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikitokea kwenye bakuli la choo, raba ya chini imechakaa. Ni kifaa cha bei ndogo, lakini uvujaji wake hausikiki, na ndiyo maana hudumu kwa miezi bila mtu kuugundua.

Baada ya matengenezo, jaza mchanga katika chupa ya lita moja, ifunge vizuri, na uisimamishe ndani ya tanki mahali ambapo haigusi boya. Kila utakapovuta, utakuwa umeokoa takribani lita moja. Hakikisha hata hivyo kwamba choo bado kinasafishika kwa mvuto mmoja. Kisiposafishika, ondoa chupa hiyo, kwa kuwa kuvuta mara mbili ni hasara kubwa zaidi.

Hatua ya 3: Kagua koki

Weka kikombe cha mililita 250 chini ya koki inayodondosha. Kikijaa kwa saa moja, unapoteza lita 6 kwa siku, ambazo ni zaidi ya uniti 2 kwa mwaka. Badilisha raba ya ndani badala ya kuikaza koki kwa nguvu, maana kuikaza huimaliza raba mapema.

Hatua ya 4: Tumia maji mara ya pili

Maji ya kuoshea mchele na mboga yapeleke moja kwa moja bustanini. Maji ya kufulia na kuogea yanahitaji uangalifu: chimba shimo la kina cha nusu mita karibu na mgomba au mpapai, lijaze kokoto chini na majani makavu juu, na umwagie humo. Usiyatumie kwa mboga zinazoliwa mbichi, wala usiyahifadhi zaidi ya siku moja, kwa sababu huoza na kunuka. Maji yenye dawa ya madoa au yaliyofulia nepi yasifike bustanini kabisa.

Hatua ya 5: Panga bustani iliyozama

Katika udongo mkavu, matuta yaliyoinuliwa hukauka haraka. Chimba majaruba yaliyo chini ya usawa wa ardhi kwa sentimita 15 hivi, changanya samadi iliyooza, na ufunike uso kwa matandazo ya nyasi yenye unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi kuzunguka shina. Mwagilia alfajiri au jioni.

Kwa nyanya na sukuma wiki napendekeza mtungi wa udongo usiopakwa rangi, wenye ujazo wa lita 5 hivi. Ufukie mpaka shingoni, panda miche kuuzunguka, ujaze maji na uufunike ili mbu wasitage humo. Udongo ukikauka huyavuta maji kupitia kuta za mtungi, na ukilowa mvuto huo hupungua wenyewe. Baada ya misimu kadhaa vitundu huziba kwa chumvi. Sugua kwa brashi ngumu, na usipopitisha tena, weka mwingine.

Hatua ya 6: Kinga maji ya paa

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la bati la mita za mraba 60, kwa mvua ya milimita 550, hupokea lita 33,000; ukitoa upotevu wa asilimia 20, zinabaki 26,400. Inamisha gata sentimita 1 kwa kila mita 1 au 2, na uyaache maji ya mwanzo ya kila mvua, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yaende kwenye pipa la pembeni kabla ya kuelekeza mengine tankini. Funga wavu wa mbu kwenye mdomo wa kuingizia na wa kufurika. Maji hayo yachemshwe kabla ya kunywewa.

Tanki la lita 5,000 lililojaa mwishoni mwa Aprili, likitumika kwa bustani pekee kwa lita 40 kwa siku, litafika takribani mwisho wa Agosti. Kuanzia hapo bakiza majaruba yenye mitungi peke yake, na mengine yalaze chini ya matandazo mpaka Desemba.